Wati Mia Nne za Mzee Wangu

Siku mume wangu aliponiambia anataka kununua amplifaya ya wati mia nne, nilikuwa nakunja nguo, na nikaendelea kukunja. Sikumjibu. Nilijisemea moyoni kwamba mtu aliyeninyima majibu miaka miwili hawezi kudai jibu langu papo hapo. Nilipomaliza kukunja nikaingia chumbani, nikampigia simu binti yetu, nikamwambia aniandalie kitanda, maana siku amplifaya hiyo itakapoingia kwa mlango wa mbele, mimi natoka kwa mlango wa nyuma. Binti akacheka. Nikamwambia mimi sicheki, na kitanda akitandike.

Naomba nieleweke. Mimi si mwanamke wa kukimbia ndoa kwa sababu ya redio. Miaka thelathini na sita tumekula sahani moja, tumezika wazazi wanne, tumelea watoto watatu, na sikuwahi kufunga mzigo hata siku moja. Lakini tangu alipostaafu kiwandani, mzee huyu aliacha kunijibu. Namwambia maji yamekatika, kimya. Namwambia mjukuu amepona homa, kimya. Namuuliza kama mlango unagongwa au nimesikia vibaya, yeye anafunua ukurasa wa gazeti. Mimi niko kwenye cherehani yangu, yeye yuko kwenye kiti chake nyuma yangu, hatua nne hazifiki, na ni kama nampigia mbuzi gitaa.

Mwanzoni nilikuwa narudia mara mbili. Baadaye nikawa narudia mara moja. Mwisho nikaacha kabisa kurudia, nasema mara moja basi, kwa sababu hata mimi nina haya zangu, siwezi kuwa kichaa wa kuongea peke yangu ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba mezani alikuwa mzima kabisa. Tukikaa kula, yeye huku na mimi kule, anajibu kila neno, anatania, anauliza chumvi iko wapi na huku anaiona. Tukiondoka mezani tu, basi, kila mtu na lake. Ndipo nikajua anafanya makusudi. Nikamwambia binti yangu kwenye simu, kwa kinywa hiki hiki, kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Neno hilo nitalikumbuka mpaka naingia kaburini.

Sasa turudi kwenye hizo spika. Alizinunua mwaka huo huo wa kustaafu, kutoka ukumbi mmoja wa dansi uliokuwa unafungwa. Masanduku mawili ya mbao yanayonifika kiunoni, mazito, yamebandikwa kibao nyuma: wati mia mbili. Kuziendesha alikuwa na amplifaya ndogo ya wati thelathini aliyopewa na shemeji yake. Na hapo ndipo hesabu zake zilipoanzia. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma miaka thelathini na saba, na kwake yeye kila kitu duniani ni mota. Akanieleza tukiwa mezani, kijiko mkononi, kwamba mtambo ukiandikwa unataka mota ya nguvu fulani, ukiufungia mota ndogo, mota inaungua. Spika zimeandikwa mia mbili, na ziko mbili, kwa hiyo jumla ni mia nne. Sisi tunazipa thelathini. Spika zina njaa, mama, akasema, na mnyama mwenye njaa hafanyi kazi.

Nilimwambia ngoma ivumayo sana hupasuka. Akaniambia hizi si ngoma.

Lakini zilipasuka. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikuwa anawasha santuri zake, anazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, vioo vya kabati vinatetemeka, mimi navuta uzi huku nimeuma meno. Wiki chache haziishi, zile spika ndogo za juu, zinazotoa sauti nyembamba, zile mafundi wanaziita twita, zinaungua. Mara ya kwanza zikabadilishwa. Mara ya pili zikabadilishwa. Mara ya tatu akasema amechoka kuziua kwa njaa, na akaenda dukani kuweka oda ya hiyo amplifaya yake ya mia nne.

Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Kesho yake asubuhi nikajifunga kanga ya pili nikaenda mwenyewe kwa yule fundi aliyekuwa anabadilisha twita. Mtaani tunamwita Polepole. Redio ikiingia kwake hujui itatoka lini, lakini ikitoka imetoka. Kibanda chake ni upana wa mlango mmoja, kimejaa matumbo ya redio mpaka darini, na yeye amekaa katikati na miwani yake iliyofungwa kwa waya.

Sikumficha. Nikamwambia nimekuja kumwomba aseme uongo. Amwambie mzee wangu amplifaya ya mia nne itachoma nyumba, au itavutia radi, au serikali imeipiga marufuku, lolote atakaloona linafaa, na mimi nitamletea redio zote za ukoo wetu mpaka afe.

Polepole akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hawezi kusema uongo kwa sababu hajui kuukumbuka, ila kuna jambo halielewi. Akaniuliza mzee anafungua sauti mpaka wapi. Nikamwambia mpaka kitufe kinagoma. Akauliza sebule ina ukubwa gani. Nikamwambia kutoka spika mpaka kiti chake ni hatua nne. Akaweka chini chuma chake cha kulehemu.

"Hatua nne," akasema, "na anafungua mpaka mwisho."

Nikamwambia ndiyo, kwa nini? Hakunijibu, na nikafikiri Mungu wangu, wanaume wote wa mtaa huu wameambukizana. Akasema tu kwamba twita mpya atazileta mwenyewe Jumamosi mchana, akaone hizo spika zinavyoishi.

Jumamosi akaja kwa baiskeli, mkoba begani. Mume wangu akampokea kwa furaha, maana alidhani amepata wa kumuunga mkono. Mimi nikakaa kwenye cherehani kwa heshima ya hasira yangu, lakini nikageuza kiti kidogo ili nisipitwe.

Mzee akamwaga hesabu zake zote: mota, mtambo, njaa, mia nne. Polepole akatikisa kichwa taratibu. Akasema hilo kosa analijua, wenye kuzoea mota wote wanalifanya, na yeye halicheki. Kile kibao cha nyuma hakisemi spika inataka kiasi gani. Kinasema inaweza kuvumilia kiasi gani. Lifti imeandikwa watu wanane, akasema, lakini ukiingia peke yako inakupandisha vile vile, haisimami kuwasubiri wengine saba.

Mume wangu akakuna kidevu. Akauliza, kama ni hivyo, kwa nini zinaungua kwa amplifaya ndogo? Polepole akasema hapo ndipo penyewe. Amplifaya ndogo ikibanwa mpaka mwisho inashindwa kutoa sauti safi, inaanza kukwaruza, na hayo makwaruzo yanaishia kwenye twita, nayo ni nyembamba kama jani, inaungua. Kwa hiyo kuongeza nguvu kidogo si ujinga. Wati sitini, sabini, ili amplifaya ipumue. Lakini mia nne ndani ya sebule hii? Akafunga kwanza twita mpya, kisha akatoa kidude cha kupima, chenye mshale, akakifunga kwenye nyaya za spika. Akapiga santuri ya mzee, akaniambia mimi niseme sauti ikitosha. Akafungua kidogo kidogo. Nikasema basi, imetosha, hata imezidi. Akamwita mzee aje aone mshale. Ulikuwa haujafika hata wati mbili.

Mzee akautazama ule mshale. Akasema kipimo kibovu. Akasema sauti yenyewe bado ni hafifu, inasikika kana kwamba wapigaji wamefunikwa blanketi, na vinanda havimo kabisa.

Polepole akainama nyuma ya spika kukaza nyaya za zile twita mpya. Akiwa amejikunja huko chini akauliza kitu, akauliza santuri hii mzee aliipata wapi. Mume wangu kimya. Akauliza tena. Kimya. Nikamwangalia fundi kwa jicho la kusema, unaona sasa ninayoyapata? Polepole akainuka, akazunguka, akasimama mbele ya kiti, akauliza mara ya tatu kwa sauti ile ile ya chini, wala hakuipandisha. Mzee akatabasamu akamjibu kwa kirefu, mpaka jina la mwenye duka.

Nikakigeuza kiti changu zaidi, nisipitwe hata na neno.

Basi Polepole akaunganisha simu yake kwenye amplifaya. Akasema atapitisha mlio mmoja mwembamba kuhakikisha twita zote mbili zinafanya kazi, tumvumilie. Akabonyeza. Jamani. Ule mlio ulipita masikioni mwangu kama sindano ya cherehani, nikaziba kwa mikono miwili, na Polepole mwenyewe akakunja uso. Nikageuka kumwangalia mume wangu. Alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, anatazama spika kwa adabu kama mtu aliye kwenye foleni.

"Fundi," akasema, "unaanza lini?"

Nilidhani anatania. Wallahi nilidhani ni utani wake wa chumvi. Nikamtazama uso, nikaona hakuna utani. Alikuwa anasubiri kweli. Mlio unapiga, vidole vyangu viko masikioni, na mzee wangu anasubiri uanze.

Polepole akauzima. Akavuta kigoda akakaa mbele yake, magoti yakikaribiana, akamwomba amsimulie kiwandani kulikuwaje. Hakuna ombi ambalo mume wangu angelipenda zaidi. Akasimulia: mitambo mia tatu ndani ya ukumbi mmoja, inapiga pamoja tangu alfajiri, ukipiga kelele huisikii hata wewe mwenyewe. Kwa hiyo hawakuwa wanapiga kelele. Walikuwa wanasoma midomo. Mfumaji wa mwisho wa ukumbi aliweza kumpa mzaha mfumaji wa kwanza, na ukumbi mzima ukacheka bila sauti hata moja kutoka. Yeye mwenyewe, akasema kwa majivuno, alikuwa bingwa, alikuwa anasoma mpaka midomo ya msimamizi aliyesimama upande.

Na mimi hayo nilikuwa nayajua. Nani angeyajua kuliko mimi? Nilikuwa msichana wa chumba cha kukunja vitambaa, nyuma ya kioo kinene, na siku ya kwanza kabisa kijana huyu aliponisemesha alisimama upande wa pili wa kioo, mafuta mpaka kwenye viwiko, akaniuliza kwa midomo mitupu: umekula? Nikatikisa kichwa. Naye akasema, bila sauti: na mimi bado, nakusubiri wewe. Ndivyo nilivyochumbiwa. Nilikuwa nayajua yote, na yalikuwa yamenitoka kichwani.

Polepole akageuka kwangu. Akauliza kwa upole sana.

"Mama, wewe ukimsemesha mzee, huwa umekaa wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole. Tulipohamia nyumba hii ndogo, miaka miwili iliyopita, macho yangu yalikuwa yameanza kulikosa tundu la sindano, nikaisukuma cherehani dirishani ili niupate mwanga. Kiti changu kinatazama dirisha. Kutwa nzima mume wangu anatazama kisogo changu.

Mzee akaanza kukataa. Akasema yeye anasikia vizuri, mbona sasa hivi anamsikia fundi, mbona mezani hakuna shida. Polepole hakubishana naye, wala hakulitaja lile neno baya, uziwi. Akasema masikio yake yameacha sauti nyembamba kule kiwandani, kama wengine wanavyoacha vidole, na si aibu, ni kazi. Wati mia nne hazitazirudisha. Kisha akasema amesahau bisibisi kwenye baiskeli, akatoka nje. Bisibisi ilikuwa imechomoza kwenye mfuko wake wa shati.

Tukabaki wawili. Niliona aibu hata sikujua uso niuweke wapi. Miaka miwili nimemnunia mtu ambaye hakunikosea. Nimemsema kwa watoto. Nimeagiza nitandikiwe kitanda ili nimwache. Nikainuka kwenye cherehani, nikaenda kukaa kwenye kile kigoda cha fundi, uso kwa uso. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Nilidhani ni wewe uliyeacha kuongea na mimi," akasema.

Nikamwambia sikuelewa.

"Toka nimestaafu unanipa mgongo kutwa. Husemi neno. Nikajua nimekuwa mzigo humu ndani, mama kanichoka. Nyumba ikawa kimya, siwezi. Ndiyo nikatafuta muziki wa kuijaza."

Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Nikamshika ile mikono.

"Nilikuwa naongea," nikasema. "Kila siku nilikuwa naongea."

"Ulikuwa unasema nini?"

Sasa angalia. Miaka miwili ya maneno, natafuta la maana nimpe mume wangu, na lililokuja mdomoni ni hili tu.

"Kwamba maji yamekatika."

Alinitazama, nikamtazama. Alianza yeye kucheka, mabega kwanza, kisha tumbo, na mimi nikamfuata, nacheka na kulia kwa pamoja, mpaka Polepole akachungulia mlangoni kuona kama tumepigana.

Aliporudi ndani alifanya mambo machache tu. Spika zilikuwa zinatazama katikati ya ukuta, moja imezibwa nusu na pazia. Akazigeuza zikatazama kiti. Kiti nacho akakisogeza mbele, nusu ya njia. Akasema kusogea nusu ya njia ni karibu sawa na kununua amplifaya yenye nguvu mara nne, na hakuna duka linalokuuzia kwa bei hiyo. Atatutafutia amplifaya ya wati sitini iliyotumika, safi. Ile ya mia nne mzee aende dukani akafute oda yake leo hii. Na Jumatatu, akasema akimtazama mzee usoni, tuende hospitali, kwa daktari wa masikio, kwa sababu yeye ni fundi wa redio tu.

Tulikwenda. Daktari alisema yale yale kwa maneno marefu. Mzee akapewa kifaa cha sikioni, na siku ya kwanza alipokivaa alikaa jikoni nusu saa anasikiliza maji ya kwenye sufuria. Siku nyingine hakivai, anasema kinamkwaruza, kinamletea mpaka majirani. Basi, akili ni nywele. Santuri anazipiga bado, kitufe kikiwa robo ya njia, na vioo vya kabati vimepumzika. Binti alipopiga simu kuuliza kuhusu kitanda, nikamwambia awalaze watoto wake.

Lakini kabla ya hospitali, kabla ya yote hayo, jioni ile ile ya Jumamosi, Polepole alipoondoka na baiskeli yake, mume wangu alitoka kwenda dukani kufuta oda ya amplifaya. Nikabaki peke yangu na cherehani. Ni ya chuma, nzito, na mimi si msichana tena. Nikaisukuma kwa nyonga, mguu mmoja baada ya mwingine, ikakwaruza sakafu nzima, mpaka dirisha likawa mgongoni kwangu na kiti chake mbele yangu. Kivuli changu kikaanguka juu ya kitambaa. Sindano siioni kabisa hapo, na tangu siku hiyo uzi ananitungia yeye.

Aliporudi alisimama mlangoni, akaiangalia cherehani, akaangalia alama sakafuni. Akaenda akaketi. Nikamwacha atulie, achukue gazeti lake, avae miwani. Kisha nikagonga meza ya cherehani kwa kiganja ainue macho, na bila kutoa sauti yoyote, kwa midomo mitupu, nikamuuliza: umekula?

Gazeti likateremka mpaka magotini. Midomo yake ikanijibu, nayo haikutoa sauti.

Bado. Nakusubiri wewe.